Shukrani Niliyoitoa Mapema

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la hospitali, na namba yako bado iko mbali, basi nimekuandikia wewe. Mimi nimelikalia benchi hilo kuanzia joto la Januari mpaka Majilio, zile wiki za kungojea Krismasi. Sitakueleza habari za dawa wala za vipimo, wenye kazi hiyo wapo na wanaijua. Nitakueleza kosa langu, maana nimeona wenzangu wawili watatu wakilielekea na hakuna anayewaambia. Nilimshukuru Mungu kanisani, mbele ya watu, kwa kupona ugonjwa ambao nilikuwa bado ninao. Aibu ya jambo hilo nusura iniue kabla ya ugonjwa wenyewe.

Naitwa Skolastika. Sisi watu wa Mbinga tuliachiwa majina haya na wamisionari wa zamani na hatuyaonei haya. Mume wangu ni Wendelini, fundi wa kutengeneza cherehani. Binti yetu wa pekee ni Kandida, ameolewa Dodoma, kwa hiyo mjini hapa wote wananiita Mama Kandida. Nina duka dogo Kariakoo, nauza zipu, vifungo, nyuzi na lastiki. Mafundi wa mitaa ile wananijua, na wananijua zaidi kwa mdomo, kwa sababu sipendi mtu achambue vifungo vyangu kama anachambua mchele halafu aondoke mikono mitupu.

Duka linalopakana na langu ni la Bi Zuhura, muuza mabaibui na mitandio. Asili yao ni Waarabu, lakini babu yake alizaliwa mitaa hiyohiyo, na ukimwambia Arabuni ni kwao atakucheka. Kila asubuhi, kabla hajapokea mteja, Bi Zuhura hufukiza udi. Huweka kaa la moto kwenye chetezo, akauzungusha moshi kila kona ya duka, kisha akaja nao mpaka kibarazani, na kwa kuwa moshi haujui mpaka, nusu yake huingia kwangu. Mama mkwe wake alimfundisha kwamba duka lisilofukizwa halifunguki riziki. Katika miaka yote ya nyuma sikumbuki asubuhi aliyoiruka. Nilikuwa namtania, "Bi Zuhura, leo tena umenifukizia bure." Naye hujibu, "Wakija wateja wangu kwako, nirudishie."

Uvimbe niliukuta bafuni, mwezi wa kwanza, kwenye titi la kushoto. Ulikuwa mdogo kama punje ya harage. Niliunyamazia wiki tatu, nikijiambia ni jasho, ni joto, ni sidiria mpya. Nilipomwambia Wendelini, alikuwa amekaa sakafuni anafungua cherehani ya mtu. Aliweka bisibisi chini.

"Linauma?"

"Haliumi."

"Basi kesho twende."

Hakuongeza neno. Katika ndoa yetu mimi ndiye redio, yeye ni ukuta wa kuegemeza redio. Zamani nilikuwa nalisema hilo kwa kucheka, ila mwaka huo ukimya wake ulinichoma. Nilitaka aogope kwa sauti ili nami nipate mahali pa kuogopea.

Wiki za vipimo ni wiki za kusogea. Benchi letu ni refu, la mbao, na mwenye namba ya mbele akiinuka, wote tunasogea kidogo kulia. Kwa hiyo kila mara unakalia joto la mtu mwingine. Siku ya kwanza nilichukia, nikawa nasubiri mbao ipoe kwanza ndipo nisogee, mpaka mama mmoja wa Mtwara akaniambia, "Dada, usiposogea nafasi inaliwa." Nikasogea. Baada ya miezi miwili nilikuwa mimi ndiye ninayewaambia wageni.

Dripu ya kwanza niliipata wiki ya pili ya Kwaresima. Siku ya Majivu padri alikuwa amenipaka paji la uso na kunikumbusha kwamba mimi ni mavumbi, nikamjibu moyoni, "Padri, hilo nimeshaambiwa." Dripu yenyewe haina kelele. Unakaa kwenye kiti, dawa inashuka tone kwa tone, unaangalia dari. Shida inaanza ukifika nyumbani. Maji yakawa na ladha ya msumari. Kinywa kikatoka vidonda, nikawa siwezi hata uji, na Wendelini akawa anafunga barafu kwenye khanga kuukuu na kuiponda kwa nyundo yake ya kazi, kisha ananiwekea vipande kwenye kikombe. Nywele zilitoka siku ya kumi na sita, nikiwa nazichana, zikabaki zote kwenye kitana kama mali ya mtu mwingine. Kucha zikageuka rangi.

Lakini kilichonitesa kuliko vyote ni harufu. Samaki wa kukaanga, sabuni ya kufulia, mafuta ya cherehani kwenye mikono ya mume wangu, kila kitu kiligeuka adui. Siku ya nne baada ya dripu nilijikaza nikaenda kufungua duka. Bi Zuhura akafukiza kama kawaida yake. Moshi uliponifikia nilibana khanga puani, nikakimbilia mtaroni, nikatapika mbele ya mafundi waliokuwa wanasubiri zipu. Bi Zuhura alinishika mgongo, akanipa maji ya kusukutua, akasema, "Pole, mama, pole." Nami nikamwambia ni dawa za hospitali. Sikumtaja udi. Ningemwambiaje mtu mzima kama yule, kwenye mlango wake mwenyewe, aache desturi ya mama mkwe wake kwa ajili ya pua yangu?

Tunakaa Mchafukoge, ghorofa ya tatu, jengo la zamani lisilo na lifti. Ngazi zile nilikuwa nazipanda na ndoo mkononi nikiongea na simu. Baada ya dripu ya kwanza nilizipanda kama mlima wa kwetu Umatengo. Siku moja nilikuta kigoda kidogo kwenye kona ya ngazi kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, palepale ambapo miguu ilikuwa inagoma. Nikakaa, nikapumua, nikaendelea. Kesho yake kilikuwepo tena. Nilimuuliza Wendelini kigoda kile ni cha nani.

"Labda cha mlinzi," akasema.

Sasa nikwambie habari za wifi yangu Filothea, dada mkubwa wa mume wangu na kiongozi wa jumuiya yetu ya majirani wanaosali pamoja. Usije ukadhani ni mtu mbaya. Ndiye aliyesali rozari sebuleni kwangu siku zile nilizokuwa siwezi kufumbua midomo, na ndiye aliyefua mashuka yangu. Ila Filothea ni mtu wa Mungu anayetenda kwa kishindo. Kwake ugonjwa ni vita, na vita lazima ishindwe hadharani, watu wapige vigelegele.

Baada ya dripu ya pili, wiki mbili kabla ya Pasaka, uvimbe ulipotea. Nilijipapasa bafuni nikaukosa. Nikamwita Wendelini, akasimama mlangoni, akajifuta macho kwa kiwiko. Kliniki daktari aliniambia waziwazi, wala sina kisingizio: "Mama, dawa inafanya kazi. Uvimbe kutoonekana si kwamba umekwisha. Zimebaki dripu nne, halafu upasuaji." Niliitikia. Nilipomweleza Filothea, nilimweleza nusu ya kwanza tu.

"Wifi, Mungu ametenda!" akapiga kofi. "Usimcheleweshee sifa zake. Jumatatu ya Pasaka tunatoa misa ya shukrani."

"Si tusubiri kidogo, Wifi? Bado nina miadi."

"Shukrani ndiyo inayofunga mlango, ugonjwa usirudi. Unamshukuru Mungu au unamkagua?"

Na mimi, mwenye mdomo wa kuwatoa jasho mafundi wa Kariakoo, nikakubali. Ukweli ni kwamba nilitaka aseme hivyo. Nilikuwa nimechoka kuwa mgonjwa, na hapa palikuwa na njia ya kuacha kuwa mgonjwa kwa siku moja, ukiwa umevaa kitenge kipya.

Nia ya misa ilisomwa kabla ya kuanza: Skolastika na familia yake wanamshukuru Mungu kwa uponyaji. Wakati wa matoleo tulitoka nyuma ya kanisa tukicheza, Filothea mbele na kapu la mchele kichwani, wanajumuiya wenzangu na sukari, mafuta, jogoo wawili, mimi katikati na kilemba kikubwa cha kuficha upara. Wendelini alibeba mshumaa na hakucheza, lakini huyo hachezi hata harusini. Baada ya komunyo nilipewa kipaza sauti. Nilikuwa nimepanga kusema "naendelea vizuri." Nikaangalia zile nyuso, nikasema, "Nimepona." Kanisa zima lilishangilia. Ninakumbuka jinsi sauti yangu ilivyorudi kutoka kwenye spika za ukutani, na mimi mwenyewe nikaiamini.

Dripu ya tatu ilikuwa Alhamisi ya wiki hiyohiyo.

Fikiria uko mahali pangu. Hospitali ile mwanajumuiya mwenzetu mmoja anafanya kazi ya usafi, mwingine anapeleka mama yake kila wiki. Wangenikuta benchini siku tatu baada ya vigelegele, wangesema nini? Kwamba nilidanganya. Au kwamba imani yangu ilikuwa ndogo, nimemwambia Mungu asante kisha nikaenda kuhakikisha. Nilimwambia Wendelini nitakwenda kwenye dripu peke yangu, na kwa kuwa alikuwa na kazi nyingi asijisumbue. Nikaenda kufungua duka.

Bi Zuhura alikuwa anatundika mabaibui.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Mama Kandida, leo si Alhamisi yako?"

"Nimepona, Bi Zuhura. Tumefanya na misa."

"Alhamdulillahi," akasema. Akaendelea kutundika. Baada ya muda akaongeza, bila kunitazama, "Na daktari kafurahi?"

Nikajifanya nahesabu zipu.

Dripu ya nne nayo ilipita hivyohivyo, mwezi wa tano, katikati ya mvua za masika, mtaa ukiwa tope tupu na watu wakiruka madimbwi na mizigo kichwani. Nilikuwa napata nguvu. Nywele zilianza kuchomoza kama ndevu za mahindi machanga, chakula kikarudisha ladha, watu wakaniambia nimependeza. Kisha asubuhi moja, nikinyoosha mkono kutundika lastiki juu, kitu kiligoma kwapani. Nikaenda nyuma ya kaunta nikapapasa. Ulikuwepo. Haukuwa tena harage. Ulikuwa mgumu, umeshikilia, na wa pili ulikuwa kwenye titi palepale pa zamani.

Sikumwambia mtu kwa siku tisa. Nilisali, kama kule kulikuwa ni kusali. Nilimwambia Mungu, "Nimekusifu kwenye kipaza sauti na wewe unanifanyia hivi? Niende nikawaambie nini?" Nilimkasirikia kama ninavyomkasirikia mteja aliyeweka oda akakimbia. Hakujibu kitu. Nilipokuwa mdogo niliambiwa ukimya wa Mungu ni amani. Ukimya ule haukuwa amani hata kidogo, ulikuwa kama kupiga simu ikaita mpaka ikakatika.

Siku ya tisa ilikuwa Alhamisi. Saa nne asubuhi, saa ya biashara hasa, Bi Zuhura alifunga duka lake. Nilimwona anabana kufuli nikashtuka, maana yule hafungi duka mchana ila kwa sala au msiba.

"Mama Kandida, nina miadi ya macho hospitali. Siwezi kwenda peke yangu, naona giza giza. Nisindikize."

"Bi Zuhura, nimwachie nani duka?"

"Lifunge. Nyuzi hazitaoza."

Kwa heshima ya umri wake nikafunga. Tulipofika getini nikaelekea kulia, kwenye jengo la macho. Yeye akaelekea kushoto. Nikamkimbilia. "Macho ni upande ule."

"Macho yangu yanaona vizuri," akasema. "Yanakuona wiki nzima unajishika kwapa. Twende ukakae."

Nilisimama palepale juani. Nikamwambia siwezi, watanikuta watu wa jumuiya.

"Wakikukuta, waambie mgonjwa ni mimi, wewe umenisindikiza. Mimi sina jumuiya, hawatanifanya kitu."

Nikacheka na kulia kwa pamoja, sijui kipi kilianza. Tukakaa. Bi Zuhura na buibui lake jeusi, na tasbihi mkononi, akawa anasogea pamoja nami, joto kwa joto, mpaka nikaitwa. Daktari alifungua faili, akaangalia tarehe. "Mama, ulikuwa wapi?" Nikamwambia ukweli. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alisema tutaanza tena, dawa kali zaidi, na kwamba sasa ni lazima tukimbie.

Jioni hiyo nilimwambia Wendelini. Nilijiandaa kwa lolote. Akakaa kitandani, akaangalia mikono yake.

"Nilijua," akasema. "Alhamisi ile ya Pasaka nilikwenda kukuchukua. Nikasimama getini mpaka walipofunga kliniki. Hukutoka."

"Ukanyamaza?"

"Nilitaka iwe kweli, Mama Kandida. Uliposema umepona, nilitaka iwe kweli."

Nilimpiga ngumi begani, mimi mwenye mkono mgonjwa. Nilimwambia ukimya wake utaniua. Naye akasema mdomo wangu ndio uliokaribia kuniua, na kwa miaka yote ya ndoa yetu hiyo ndiyo mara ya kwanza alinishinda kwa maneno. Tuligombana mpaka tukachoka, kisha akaenda kuponda barafu, ingawa siku hiyo sikuwa na vidonda.

Jumamosi iliyofuata zamu ya sala za jumuiya ilikuwa kwetu. Wakaja kumi na saba, alfajiri, viti vya kuazima, chai ikiwa jikoni. Nilipewa nafasi ya neno. Nikavua kilemba. Nikawaambia sijapona, nilikuwa sijapona hata siku ile ya Pasaka, na kwamba uvimbe umeongezeka kwa sababu niliona aibu kwenda hospitali wakaniona.

Filothea alikuwa amekaa chini ya msalaba, rozari mkononi.

"Kwa hiyo unasema Mungu hakutenda?"

"Sijui, Wifi. Nasema mimi ndiye niliyesema nimepona. Yeye sikumsikia akisema."

Filothea alibeba mkoba wake akaondoka kabla ya sala ya kufunga. Waliobaki walisali, wakanywa chai wakiangalia vikombe. Nilikwenda kuungama kwa padri wetu mzee, nikamwambia nimetoa misa ya uongo. Akaniuliza kama nakula vizuri. Nikamwambia siulizi habari za chakula. Akasema, "Misa haikuwa ya uongo, mwanangu. Imewahi kufika tu. Nenda kliniki." Nilitoka nimeudhika, nikitaka maneno makubwa zaidi ya hayo.

Kipupwe chote nilikuwa kwenye dripu. Hizo za pili zilinimaliza. Siku mbaya Wendelini alihamishia kazi yake dukani kwangu, akiuza vifungo kwa bei anazokisia. Siku nzuri nilikwenda mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya kufungua kufuli nilisimama kibarazani, nikavuta pumzi ndefu, nikamuuliza Mungu, "Upo?" Nilikuwa sijali tena kuponywa kwa kishindo. Nilitaka ishara moja tu, hata ndogo. Nilivuta pumzi, nikasubiri, nikafungua kufuli. Hivyo kila siku, Juni, Julai, Agosti. Bi Zuhura kwake alikuwa analalamika mwaka huu biashara imelala.

Mwezi wa tisa waliondoa titi lote, pamoja na tezi za kwapani. Daktari alisema mwanzoni walikuwa na matumaini ya kuondoa sehemu tu. Hiyo ndiyo gharama ya kosa langu, na naoga nayo kila siku. Nilikuwa siwezi kuinua mkono kujisugua mgongo. Siku ya nne baada ya kurudi nyumbani mlango ulifunguliwa, akaingia Filothea na ndoo ya maji ya moto, bila hodi, bila salamu. Miezi mitatu na ushei hatukuwa tumesemeshana. Aliniosha mgongo, akafika kwenye bandeji, akasita. "Ni mimi niliyekusukuma," akasema. Nikamwambia nilikuwa na miguu yangu mwenyewe. Akaendelea kuosha. Alikuja kila siku mpaka nilipoweza.

Vuli ikaja na mionzi. Walinichora kifuani kwa wino, ngozi ikaungua ikawa nyeusi kama sufuria. Ya mwisho niliipata wiki ya kwanza ya Majilio. Daktari hakusema nimepona. Alisema, "Miezi mitatu, urudi tuangalie." Na wewe unayesoma usitegemee nitakwambia zaidi ya hapo, kwa sababu sijui. Bado naamka nikijipapasa. Bado naogopa.

Nilipita dukani nikamwambia Bi Zuhura nimemaliza. Aliinua viganja, akasoma dua yake, akanifuta uso kwa mkono wake kama mtoto.

Kesho yake asubuhi nilisimama kibarazani, ufunguo mkononi, nikavuta pumzi yangu ndefu. Udi.

Haukunichefua. Harufu zilikuwa zimeshaanza kurudi mahali pake. Lakini nilibaki nimeganda, kwa sababu nilikuwa najaribu kukumbuka mara ya mwisho niliposikia harufu ile. Nikarudi nyuma: vuli, kipupwe, masika. Nikafika Kwaresima, siku ile ya mtaroni. Nikaingia kwake. Alikuwa anazungusha chetezo kwenye mabaibui.

"Bi Zuhura, ulikuwa hufukizi?"

"Ulikuwa unaziba pua."

"Tangu Kwaresima?"

"Sijui Kwaresima yenu ilikuwa lini. Tangu ulipotapika."

"Na mama mkwe wako? Na riziki?"

"Si nilikwambia biashara ilikuwa imelala?" akasema, akacheka, akaendelea na kona zake.

Nilirudi kwangu nikakaa nyuma ya kaunta na sikumhudumia mtu kwa muda. Miezi tisa. Asubuhi zote zile niliposimama mahali pale na kumuuliza Mungu kama yupo, nilikuwa nimevuta hewa safi kwanza ili nipate pumzi ya kumlalamikia. Kitu nilichokuwa nakiomba kilikuwa kimeshaingia puani mwangu. Nililia kwa aibu, lakini haikuwa ile aibu ya zamani.

Jioni nilipopanda ngazi nilifika kwenye kigoda, nikakaa, ingawa sikuwa nimechoka. Nikakigeuza. Chini kilikuwa kimekazwa kwa skrubu ndogondogo za cherehani.

Siku iliyofuata nilikwenda ofisi ya parokia kuandikisha nia ya misa. Dada wa ofisini alinikumbuka. "Shukrani, Mama Kandida? Kwa kupona?"

"Hapana. Kupona bado sijui. Andika ninamshukuru Mungu kwa udi ambao jirani yangu hakuufukiza."

Akainua kalamu. "Niandike hivyo?"

"Andika hivyohivyo."

Jumapili ya tatu ya Majilio msomaji alifika kwenye karatasi yangu, akasimama, akaisoma kimoyomoyo kwanza, akamtazama padri mzee. Padri akatikisa kichwa kumruhusu. Akasoma. Watu waligeuka kuniangalia, nyuma mtu akacheka, na Filothea kando yangu akanishika mkono ule mbovu bila kuuliza kitu. Hapakuwa na kapu wala jogoo. Wendelini aliniinamia sikioni.

"Udi gani?"

"Nitakueleza njiani," nikamwambia. "Tukifika kwenye kigoda chako."

Mume wangu akainamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa, akafungua kitabu cha nyimbo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaanza kuimba kabla yangu.